Kompyuta ya Bure na Daftari la Kikundi

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Tena, Nairobi

   

Mlituomba tuzungumze juu ya kompyuta. Miezi hii kila kikundi tunachotembelea kinatuuliza swali lile lile: "Tumepewa kompyuta kuukuu na mfadhili. Fundi anasema haiwezi kuwekwa Windows mpya, lakini kuna kitu kinaitwa Linux, na tena ni cha bure. Tukubali au tukatae?" Swali hili limezidi kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Maofisi yanabadilisha kompyuta zao, na zile za zamani zinaletwa kwetu, kama vile nguo za mitumba.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Sisi wa ofisi hii ya huduma za jamii hatukusomea kompyuta. Tulisomea kukaa na watu, kusikiliza, na kusaidia kikundi kisimame kwa miguu yake. Lakini tumetumia hiyo Linux kwa miaka kadhaa, tumeifurahia, tumeilaani, na mara moja ilikaribia kutuvunjia kikundi. Leo tutawaeleza yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Mtapima wenyewe.

LINUX NI KITU GANI?

Kompyuta ni kama matatu. Inaweza kuwa na injini nzuri na viti vizuri, lakini bila dereva haiondoki steji. Ndani ya kompyuta kuna programu kuu inayoamsha mashine na kuamuru kila kitu: kioo, kibodi, printa na mafaili. Wengi wetu tunaijua moja tu, Windows. Linux ni dereva mwingine.

Ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds. Aliandika sehemu yake, akaitoa kwa watu wote waitazame, waitumie na waitengeneze. Wengine wakaongeza, na wengine wakaongeza juu ya hao. Ninyi wa vikundi mnaielewa kazi ya namna hii kuliko maprofesa, kwa sababu ni harambee. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Linux ina aina nyingi. Ile tuliyowekewa sisi inaitwa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Neno hilo ni la lugha za kusini, na ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, mtu yeyote aliweza kuandika na kuletewa sidii yake kwa posta bila kulipa senti.

Hata lugha yetu haikusahauliwa. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Leo programu tunayotumia kuandikia barua na hesabu ni LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na ile OpenOffice mwaka 2010.

JINSI ILIVYOTUFIKIA

Tulikuwa na kompyuta tatu za mezani. Zilikuwa na Windows 7, na ile Windows haikuwa ya kununua. Fundi aliiweka kwa sidii aliyokuwa nayo mfukoni, na sisi hatukuuliza. Tunaungama kosa hilo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tulikuwa tukifundisha vikundi uaminifu huku tukitumia mali ya wizi ofisini.

Halafu zikaja virusi. Vijana walikuwa wanapeleka flashi saiba kuchapisha, na flashi ikirudi, mafolda yote yamegeuka kuwa vialama vidogo visivyofunguka. Barua za kikundi cha wagonjwa zilipotea hivyo. Mnamo tarehe 14 Januari 2020 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 7. Kijana mmoja wa hapa mtaani akatuambia, "Mwalimu, hizi mashine bado nzuri. Mnipe Jumamosi moja tu." Tukampa. Jumatatu tulipokuja kazini, tulikuta kompyuta zote tatu zina sura mpya, zinaamka upesi, na hatukuelewa hata kitu kimoja.

MAMBO YALIYOTUCHOSHA

La kwanza ni neno la siri. Siku ya kwanza tulitaka kuongeza programu. Likafunguka dirisha jeusi likatuuliza neno la siri. Mama katibu akaandika, na hakuna kilichoonekana, hata nukta. Akaandika tena kwa nguvu. Akasema, "Hii kibodi imekufa." Tukaenda kununua kibodi nyingine. Kumbe Linux yetu katika dirisha lile ilikuwa inaficha hata idadi ya herufi, ili anayechungulia begani asijue. Kibodi ilikuwa nzima. Tulitumia pesa kwa sababu hatukuuliza, nao wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

La pili ni printa. Tulikuwa na printa mbili. Moja ilikubaliwa mara tu tulipochomeka waya. Ya pili ilikataa kabisa, ikawa inawasha taa tu. Kila printa inahitaji programu ndogo ya kuiongoza, ambayo mafundi huiita draiva. Aliyetengeneza printa asipoitoa kwa ajili ya Linux, au watu wa kujitolea wasipoiandika, printa hiyo ni sanduku tu. Kwa majuma matatu tulibeba flashi mpaka saiba, tukilipa kwa kila karatasi, na huku printa yetu imefunikwa kitambaa.

La tatu ni barua zinazobadilika umbo. Kikundi kimoja kiliandika ombi la tangi la maji kwa LibreOffice, likapelekwa kwa mfadhili anayetumia Word. Kwake majedwali yaliteleza, jumla ya gharama ikahamia ukurasa mwingine, na sahihi zikakaa peke yao. Mfadhili aliuliza kama kikundi kiko makini. Akina mama wale walikesha siku mbili kwa kazi ile! Sababu ni kwamba aina za herufi zilizoko Windows hazikuwepo kwenye mashine yetu, na herufi zikibadilika upana, mistari yote inasukumana. Dawa yake ni mbili. Ukipeleka kitu cha kusomwa tu, kigeuze kiwe PDF, hakitahama. Ukipeleka kitu ambacho mwenzako atakiandika pia, weka herufi zilizotengenezwa kwa vipimo vile vile: Liberation badala ya Times New Roman, na Carlito badala ya Calibri.

La nne ni fomu za Excel zenye vibonye vinavyojiendesha. Mara nyingi zinagoma ndani ya LibreOffice. Tulikaa na fomu moja ya aina hiyo tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, na siku ya mwisho ya kuirudisha ilikuwa ile ile. Hatimaye tuliijaza katika kompyuta ya jirani.

La tano ni intaneti na stima. Linux hupenda kujirekebisha mara kwa mara, na marekebisho hayo hula bando. Asubuhi moja tulikuta bando ya juma zima imekwisha kabla hatujasoma barua hata moja. Tena siku nyingine stima ikapotea katikati ya marekebisho. Iliporudi, kompyuta iliamka nusu, ikaonyesha maneno meupe kwenye kioo cheusi, ikanyamaza. Yule kijana alikuwa amepata kibarua Thika. Mafundi wawili wa hapa karibu walitazama wakasema dawa ni kufuta yote na kurudisha Windows. Kijana aliporudi Jumapili aliandika amri moja tu ya kumalizia kazi iliyokatika, na mashine ikapona. Tulifurahi, lakini tulijiuliza: hivi kweli ofisi nzima inamtegemea kijana mmoja?

SIKU KIKUNDI KILIPOKARIBIA KUVUNJIKA

Sasa tuje kwenye jambo lililotuumiza zaidi. Mtuvumilie, maana kosa ni letu.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kinaweka hesabu zake katika kompyuta yetu. Michango ya kila juma, mikopo, marejesho, yote. Mweka hazina ni mama anayeuza mboga, mtu mwaminifu, lakini mwenye haraka kwa sababu kibanda kinamngoja. Alikuwa akisaidiwa na katibu msaidizi, msichana aliyemaliza kidato cha nne. Faili lao liliitwa "Hesabu", kwa herufi kubwa mwanzoni.

Siku moja yule msichana alihifadhi kazi yake akaandika "hesabu", kwa herufi ndogo. Katika Windows, majina hayo mawili ni kitu kimoja. Mashine ingemuuliza kama anataka kufuta lile la kwanza. Katika Linux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Basi mashine haikuuliza lolote. Ilitengeneza faili la pili kimya kimya, likakaa kando ya lile la kwanza.

Kwa miezi miwili mama aliandika michango katika moja, na msichana akaandika marejesho ya mikopo katika lingine. Hakuna aliyejua. Siku ya mkutano wa robo mwaka, mama akachapisha faili lake, akasoma mbele ya wote. Wanawake saba waliokuwa wamelipa mikopo yao walisomwa kama wadaiwa. Marejesho ya shilingi 18,400 hayakuonekana popote.

Mnajua mkutano unavyokuwa. Kwanza kimya. Kisha mama mmoja akasimama: "Mimi nililipa, na wewe mwenyewe ulinipa risiti. Pesa ilienda wapi?" Mwingine akasema, "Kumbe ndiyo maana kibanda kimeongezwa mabati." Mweka hazina hakujibu. Alikaa chini akafunika uso kwa leso. Mumewe alipoambiwa jioni ile, alimwuliza pia. Kwa siku nne mama yule hakufungua kibanda chake.

Tulikuja kugundua kwa bahati. Tulikaa na katibu, mweka hazina na wanachama wawili walioteuliwa na kikundi, tukaweka mezani daftari la zamani, ujumbe wa M-Pesa, na stakabadhi za benki. Mstari kwa mstari. Daftari lilikuwa limeandikwa vizuri mpaka siku kompyuta ilipoanza kutumika, kisha likaachwa. Lakini benki ilionyesha shilingi zote 18,400 zimeingia. Hakuna senti iliyopotea. Ndipo msichana alipofungua kompyuta kutuonyesha kazi yake, na mama akasema, "Hilo si faili langu." Tukatazama. Yalikuwa mawili.

Tulirudi mbele ya kikundi kizima tukaeleza. Tuliomba msamaha sisi kwanza, kwa sababu ndisi tuliowaambia watumie mashine tusiyoielewa, na hatukuwaambia waendelee na daftari. Yule aliyesema maneno ya mabati alivuka chumba akamshika mama mkono. Mama alisamehe. Lakini uweka hazina aliukataa, na mpaka leo hataki kuushika tena. Pesa ilirudi mahali pake kwa saa mbili. Jina la mtu halirudi upesi hivyo.

MBONA BASI HATUKUITUPA?

Mtatuuliza hivyo, na ni haki yenu. Hatukuitupa kwa sababu ilitusaidia pia, na haki ni kusema pande zote.

Mashine ambazo zingekuwa takataka ziliendelea kufanya kazi. Virusi vile vya flashi viliandikwa kwa ajili ya Windows, na kwetu havikuamka tena. Angalieni lakini: flashi yenye virusi ikipita kwetu ikaenda kwa jirani, bado inabeba ugonjwa. Hatukulipa leseni, na hatukuiba. Hata Kiswahili chetu kilipata nafasi. Katika LibreOffice mkichagua lugha ya maandishi iwe Kiswahili cha Tanzania, ile mistari myekundu chini ya kila neno inapungua sana, maana ina orodha ya maneno ya Kiswahili. Menyu zake tulipozijaribu kwa Kiswahili, baadhi ya maneno yalibaki Kiingereza; lakini wazee wawili walisema angalau sasa wanajua wanabonyeza nini.

Hata hivyo kuna jambo la vijana. Msichana mmoja alijifunza kwetu mpaka akawa mwepesi. Akaitwa usaili mjini. Wakamweka mbele ya Word na Excel, akashtuka, vibonye haviko mahali alipovizoea. Kazi hakupata. Alirudi kwetu akasema bila hasira, "Mwalimu, mlinifundisha kitu ambacho wao hawana." Maneno hayo yalituchoma. Kujua Linux ni elimu, lakini mwajiri anauliza kile alicho nacho. Ndiyo maana tangu 2022 tuna mashine mbili za Linux, na moja ya Windows 10 tuliyonunua leseni yake kwa risiti. Na hiyo moja ndiyo sasa imefikiwa na ile tarehe ya Oktoba 2025. Kwa hiyo sisi pia tuko katika swali lenu.

TUFANYE NINI?

Hatutawaambia mkubali au mkatae. Lakini kabla ya kupokea kompyuta ya Linux, tunawaomba mfanye haya.

1. Ijaribuni kwanza. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu chochote ndani ya kompyuta. Siku hiyo leteni printa yenu, simu yenu na karatasi zenu, mjaribu kila kitu mbele ya fundi. Simu ikiunganishwa kwa waya, mara nyingi huleta intaneti bila matatizo.

2. Kama mashine ni dhaifu, mwombeni fundi aina nyepesi, kama Xubuntu au Lubuntu. Ulizeni pia itahudumiwa mpaka lini. Ubuntu iliyotolewa Aprili 2024, kwa mfano, imepangiwa marekebisho ya kawaida kwa miaka 5.

3. Wafundishwe watu wawili au watatu wa kikundi, wala si mmoja, na mmoja wao awe mtu mzima asiyehama. Amri muhimu ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani.

4. Marekebisho yafanyike siku moja iliyopangwa, bando ikiwepo na stima ikiwa imetulia.

5. Faili la hesabu liwe moja, jina lake kwa herufi ndogo zote, na mwaka. Nakala iwekwe kwenye flashi ya kikundi kila mwisho wa mwezi, akae nayo mtu mwingine asiye mweka hazina.

6. Daftari lisiachwe kamwe. Kompyuta ijumlishe, daftari lishuhudie. Kila mkutano yasomwe yote mawili, na yasipolingana, kazi isimame hapo hapo kabla mtu hajatajwa jina.

7. Kama mna vijana wanaotafuta kazi, wafundisheni pande zote mbili, au waambieni wazi wanajifunza nini.

Ndugu zetu, kitu cha bure si kibaya. Mvua ni ya bure, lakini asiye na tangi haimfai siku ya jua. Tangi lenu ni watu wanaojua, daftari linaloandikwa, na desturi ya kuuliza kabla ya kushuku. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Tazameni: Kikundi chetu kinaweka hesabu wapi leo? Ni watu wangapi wanaoweza kuzisoma bila kusaidiwa?

Pimeni: Hesabu zisipolingana kesho, tutafanya nini kwanza: tutatafuta kosa, au tutatafuta mwizi? Mweka hazina wetu anajisikia salama?

Tendeni: Kabla ya mkutano ujao, ni jambo gani moja katika yale saba tutakalolianza, na ni nani atakayetukumbusha?